Dawa Isiyo na Ugonjwa

Lugha yetu ina neno moja, dawa, ambalo limetwishwa mizigo mingi kuliko wenziwe. Dawa ni mzizi uliochimbwa porini kwa ajili ya homa ya mtoto. Dawa ni kidonge kilichotiwa katika bahasha ndogo ya hospitali. Dawa ni kitu cha kuulia mende na kunguni. Na tunaposikia redioni kwamba vijana kadhaa wamekamatwa usiku, dawa vilevile ni kile walichokamatwa nacho. Tuliongeza maneno "ya kulevya" nyuma ya neno hilo ili tutenganishe jema na baya, na kwa muda mrefu utenganisho huo ulitutosha. Dawa ya kutibu ilikaa hospitalini, dawa ya kulevya ilikaa vichochoroni, na kila mwenye akili timamu alijua njia ya kupita.

Mpaka huo sasa umefutika. Ziko dawa ambazo ni za hospitalini na za kichochoroni kwa wakati mmoja, wala hazikubadilika rangi wala umbo zilipotoka upande huu zikaingia upande ule. Nazo ni dawa za kutuliza maumivu makali: mofini, pethidini, kodeini iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi, na zaidi ya zote, tramadoli. Serikali imezipa jina refu lakini la haki: dawa tiba zenye asili ya kulevya. Kijana anayezitumia bila ya kuandikiwa na daktari ana hoja ambayo mvuta bangi hakuwa nayo. Husema: "Hii ni dawa. Daktari alimpa mama yangu. Ina jina la kiwanda na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kama jana ilikuwa halali kwa mama, yawaje leo iwe haramu kwangu?"

Hoja hii haifai kujibiwa kwa fimbo. Wala haitoshi kumjibu kijana kwamba sheria imekataza. Ni kweli kwamba Tanzania inayo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na kwamba Mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo huzifuatilia dawa tiba hizi pamoja na heroini na bangi. Lakini sheria hueleza katazo. Haielezi kila mara ubaya. Mwanafunzi mwerevu atatambua upesi kwamba yeye ameuliza juu ya jambo moja, nasi tumemjibu juu ya jingine. Yafaa basi tulichukue swali lake kwa uzito wake. Ubaya wa tendo hili unakaa wapi? Je, umo katika kidonge, umo katika mtu, au umo katika kitu cha tatu?

Tuanze na maumivu yenyewe, maana bila ya kuyajua hayo hatuwezi kuijua dawa yake. Waswahili husema kichwa chaniuma, jino laniuma, kana kwamba kila kiungo kina meno ya kumng'ata mwenyewe. Neno uchungu nalo tumelifanya jina la ladha ya mwarobaini ulimini, jina la hali ya mama anayejifungua, na jina la hali ya mfiwa aliyekaa matangani. Hatuamini kwamba wahenga walilitumia neno moja kwa mambo matatu kwa sababu ya umaskini wa lugha. Waliona kwamba mambo hayo yana asili moja: kila moja humlazimisha mtu kuacha analolifanya na kugeuka kutazama.

Wazee husema pia kwamba panya huuma huku akipuliza. Humjia mtu usingizini, akamtafuna wayo na kuupuliza, na mtu akaendelea kulala kwa raha mpaka asubuhi anapokanyaga chini na kuona damu. Mtu mwenye hila tunamwambia kuwa anauma na kupuliza. Msemo huo una elimu kubwa ya mwili ndani yake. Panya haogopwi kwa ukali wa meno yake, kwa kuwa mbwa ana meno makali zaidi. Huogopwa kwa sababu huondoa habari ya jeraha na kuliacha jeraha lenyewe. Hivyo ndivyo ukoma ulivyowatenda watu kwa karne nyingi. Iliaminika zamani kwamba ukoma huvila vidole. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore huko India katikati ya karne iliyopita, alionyesha kwamba vidole vingi havikuliwa na ugonjwa wenyewe. Mishipa ya fahamu ilikuwa imekufa ganzi, mtu akawa anashika sufuria ya moto bila ya kuisikia, anakanyaga msumari na kuendelea na safari. Aliyepotewa na maumivu alipotewa na mlinzi wake.

Hapo ndipo wahubiri wa uvumilivu hupaza sauti na kusema: Basi maumivu ni neema, tuyavumilie. Washairi wa kila zama nao wameyapamba maumivu mpaka yakaonekana kama mwalimu mwema. Sisi hatukubaliani nao. Mlinzi ni yule anayepiga ukelele mwizi akiwa mlangoni. Anayeendelea kupiga ukelele usiku kucha baada ya nyumba kuteketea huyo hamlindi mtu tena. Mgonjwa wa saratani iliyofika kwenye mifupa hafundishwi kitu na maumivu yake. Hawezi kula, hawezi kusali kwa utulivu, hawezi kuwaaga watoto wake kwa maneno yanayoeleweka. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha mjini Kampala huduma ya kuwatunza wagonjwa wa namna hiyo kwa mofini ya maji, dawa ya bei ndogo inayonywewa nyumbani. Na mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo, kwa kuwa madaktari walikuwa wachache na vijiji ni vingi. Hakuna mwenye utu atakayesema kwamba jambo hilo lilikuwa baya. Kwa hiyo ubaya tunaoutafuta haumo katika kidonge. Kidonge kilekile kimewarudishia watu ubinadamu wao.

Je, umo katika mtu? Wengi hupendelea jibu hili, kwa kuwa ni jepesi na humwacha kila asiyetumia akiwa msafi. Lakini mtazame mtu huyo kwa makini. Mwili wa mwema na mwili wa mwovu huipokea tramadoli kwa njia moja. Dawa hizi hukaa katika sehemu za ubongo zinazopokea habari za maumivu, lakini sehemu hizo hizo hupokea pia habari za faraja na hutawala kasi ya pumzi. Zikitumiwa kwa muda, mwili huzizoea, na kipimo kilichotosha mwezi jana hakitoshi mwezi huu. Zikikatwa ghafla, mwili hulipiza: jasho, kutetemeka, kuhara, mifupa kuuma kana kwamba inasagwa, hali ambayo vijana wa mitaani huiita arosto. Zikizidishwa, pumzi hupungua, ikapungua, mpaka mtu akafa usingizini, na jirani yake akadhani anakoroma. Tramadoli ina hatari yake ya ziada: huweza kumwangusha mtu kwa degedege hata kama hakuwa na kifafa maishani mwake. Mambo haya hayachagui tabia.

Twasema basi kwamba ubaya unakaa katika kitu cha tatu, nacho ni kipimo. Kipimo cha dawa ya maumivu ni maumivu yenyewe. Mtu aliyefanyiwa upasuaji hupewa dawa kwa kadiri anavyoumwa. Maumivu yakipungua, dawa hupunguzwa. Yakiisha, dawa huachwa. Maumivu ndiyo yanayoiita dawa, na ndiyo yanayoifukuza. Lakini anayeimeza bila ya maumivu ameiita kwa kitu gani, naye ataifukuza kwa kitu gani? Hana alama ya kumwambia kwamba sasa imetosha. Njaa humwambia mlaji kwamba ameshiba, kiu humwambia mnywaji kwamba ametosheka, lakini kwa huyu hakuna kinachosema. Dawa isiyo na ugonjwa haina mpaka, na kila kisicho na mpaka ndani ya mwili wa binadamu hugeuka bwana.

Cheti cha daktari, ambacho vijana wengi hukiona kuwa ni karatasi ya urasimu tu, kimewekwa kulilinda jambo hilo. (Nasi tulioshinda maofisini miaka mingi twajua kwamba karatasi zisizo na maana zipo nyingi, hii haimo miongoni mwake.) Cheti hicho kina jina la mtu mmoja, maumivu ya namna moja, idadi ya vidonge, na idadi ya siku. Waganga wetu wa jadi nao hawakutoa dawa bila ya miiko. Mgonjwa aliambiwa asile kitu fulani, asivuke mahali fulani, anywe asubuhi kabla ya kusema na mtu. Mengine katika miiko hiyo pengine hayakuwa na faida ya tiba, lakini yote yalimfundisha mgonjwa jambo moja, kwamba dawa ina mwenyewe, na kwamba haitoki mkononi mwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kama kiberiti cha kuwashia moto.

Hapa tunagusa jambo linalouma utamaduni wetu mahali pazuri. Sisi ni watu wa kugawana. Jirani akija analalamika mgongo, mama mwenye nyumba hufungua mtoto wa meza, akatoa vidonge vilivyobaki tangu alipovunjika mkono, akampa vitatu katika kipande cha gazeti, na wote wawili wakaona kwamba ujirani umetendeka. Kijana wa bweni aliye na vidonge humpa mwenzake kwa moyo uleule anaomgawia sukari na dawa ya meno. Anayekataa kugawa huitwa mchoyo. Ni vigumu kumwambia kijana kwamba wema aliofundishwa na bibi yake tangu utotoni una mahali ambapo haupaswi kuingia. Hata hivyo ni lazima aambiwe, na aambiwe pamoja na sababu. Ini la kila mtu huigeuza tramadoli kwa kasi yake, na kitu kinachotokana na mgeuzo huo kina nguvu kuliko dawa iliyomezwa. Wako watu ambao maini yao hufanya kazi hiyo upesi kupita kiasi, na imeonekana kwamba nchini Ethiopia ni wengi kuliko Ulaya ya kaskazini. Kwa mtu wa namna hiyo kidonge cha kawaida huwa kikubwa. Hajijui, na rafiki yake hamjui. Kwa sababu ya hatari hiyo Marekani, mwaka 2017, ilikataza tramadoli na kodeini kutumiwa kwa maumivu ya watoto walio chini ya miaka 12. Sukari ya mwenzako haiwezi kukutenda hivyo.

Mtu asidhani kwamba kipimo hupotezwa na vijana peke yao. Wakubwa walikipoteza mwanzo, tena wakubwa wenye elimu. Heroini, ambayo leo hakuna mzazi asiyetetemeka akilisikia jina lake, ilianza kuuzwa mwaka 1898 na kiwanda cha Bayer cha Ujerumani kama dawa ya kikohozi, na ilisifiwa kwamba haina hatari ya kumteka mtu kama mofini. Mwaka 1980 gazeti moja kubwa la madaktari wa Marekani lilichapa barua fupi, yenye sentensi tano tu. Waandishi wake walisema kwamba katika wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za jamii hii hospitalini waliwaona wanne tu walioingia katika uraibu. Zingatia neno hospitalini: mbele ya macho ya wauguzi. Barua hiyo ikatajwa mamia ya mara katika maandishi ya kitaalamu, na wengi walioitaja hawakulitaja neno hilo. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue ilianza kuuza dawa ya OxyContin, ikawaambia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni yenye uhusiano nayo ilikiri mahakamani kosa la kuipotosha sifa ya dawa hiyo. Tangu mwaka 1999 hadi 2023 Wamarekani wapatao 800,000 wamekufa kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni, za hospitalini na za magendo pamoja. Msiba huo ulianza kwa neno moja lililoachwa njiani, na faida iliyopatikana kwa kuliacha.

Afrika msiba ulikuja kwa mlango mwingine, na mlango huo ndio unaotuhusu zaidi. Tramadoli ilibuniwa Ujerumani mwaka 1962 na kuuzwa huko tangu 1977. Mwaka 2010 kiasi cha tramadoli iliyokamatwa duniani kikitembezwa kinyume cha sheria hakikufika kilo 10. Mwaka 2017 kilifika tani 125, na sehemu kubwa ilikamatwa Afrika Magharibi na ya Kati. Nyingi ilitengenezwa India, ambayo iliiweka dawa hiyo chini ya sheria kali mwezi wa Aprili mwaka 2018. Mwaka huohuo Nijeria ilipiga marufuku utengenezaji na uingizaji wa dawa ya kikohozi yenye kodeini, na uchunguzi wa taifa uliotolewa baadaye ukaonyesha kwamba Wanijeria wapatao milioni 4.6 walikuwa wametumia dawa za jamii hii bila ya sababu ya tiba katika mwaka mmoja.

Lakini tarakimu hazisemi walizitumia kwa ajili gani. Kisa cha Kamerun kitatusaidia. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza kwamba wameikuta tramadoli ndani ya mizizi ya mti mmoja wa porini kaskazini mwa nchi hiyo, na ikadhaniwa kwamba mti huo huitengeneza wenyewe, kama vile mkwinini unavyotengeneza kwinini. Wengine wakarudi kuchunguza upya, na mwaka 2014 wakasema vingine. Wakulima wa sehemu hizo walikuwa wakiila tramadoli ili waweze kulima juani bila ya kuchoka, na walikuwa wakiwapa hata ng'ombe wa kukokota plau. Dawa ilitoka mwilini mwa mtu na mnyama ikaingia ardhini, na mizizi ikaifyonza.

Tuliposoma habari hiyo tulikaa nayo kwa siku nyingi. Wakulima wale hawakuwa wakitafuta starehe. Kijana anayebeba magunia bandarini, dereva wa pikipiki anayeamka alfajiri na kulala saa sita za usiku, mchimbaji anayeshuka shimoni, hao wakiimeza dawa ya maumivu hatuwezi kusema kwa wepesi kwamba wanaimeza bila ya maumivu. Maumivu wanayo. Mgongo unauma kweli. Basi je, kipimo chao hakipo?

Twajibu kwamba kipo, lakini kimesomwa kinyume. Mgongo wa mpagazi unapouma unasema: pumzika, au punguza mzigo. Hiyo ni kauli ya mlinzi aliye macho. Dawa anayoimeza haimpumzishi wala haipunguzi gunia. Inamfunga mlinzi mdomo ili mzigo uongezwe. Panya anapuliza. Na hapo lawama haiwezi kumwishia mpagazi. Anayempa magunia mengi kuliko uwezo wa mgongo, na kumlipa kwa idadi ya magunia, anaishiriki dawa ile ingawa hakuigusa. Katika nchi iliyofundisha kwa miaka mingi kwamba kazi ni kipimo cha utu, yatupasa tuseme bila ya kumumunya maneno kwamba kazi inayohitaji ganzi ili ifanyike imekwisha kuvuka kipimo cha utu.

Wapo vijana wengine ambao miili yao haina gunia, na hao ndio wengi katika shule zetu. Wao wana maumivu yasiyo na kiungo. Amefiwa na baba. Amekaripiwa mbele ya darasa. Amefeli mtihani ambao ukoo mzima ulimchangia ada. Amemaliza kidato cha nne na miaka mitatu imepita bila ya kazi. Uchungu wake ni uchungu kweli, na tulikwisha sema kwamba wahenga hawakuutofautisha kwa jina. Dawa ya mwili ikiingia humtuliza, maana ubongo nao hautofautishi sana. Ila kipimo hakipatikani. Jeraha la upasuaji hupona kwa wiki kadhaa, na dawa ikapumzika. Ukosefu wa kazi hauponi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo dawa yake haipumziki.

Kwa uchungu wa namna hiyo utamaduni wetu ulikuwa na tiba isiyouzwa. Twalo neno pole. Mtu akijikwaa njiani, hata asiyemjua humwambia pole. Neno hilo halikiri kosa wala haliulizi nani mwenye hatia, lasema tu kwamba maumivu yako yameonekana. Matanga ni pole iliyotandikiwa mkeka: watu hulala kwa mfiwa, hupika, huzungumza hata mambo ya kuchekesha, ili mfiwa asikae peke yake na uchungu wake. Lakini pamoja na hayo tuliwafundisha vijana, hasa wa kiume, kwamba mwanamume halii. Aliyelia jandoni alitungiwa wimbo wa kumfedhehesha. Mafunzo hayo yalikuwa na maana yake mahali pale, kwa siku zile chache, mbele ya makungwi waliokuwa wakimwangalia na kumhudumia kijana mpaka akapona. Tumeyachukua mafunzo yale tukayaacha makungwi nyuma. Kijana wa leo ameambiwa asilie, na hakuna aliyeketi karibu naye mpaka apone. Methali yasema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Tunaikariri darasani, kisha tunamcheka anayefichua.

Na katika shule za bweni limeingia jambo ambalo laonekana dogo. Mwanafunzi anakwenda kwa mlezi wa bweni, anasema kichwa kinamuuma. Anapewa vidonge viwili. Kesho tumbo, vidonge viwili. Kesho kutwa amekumbuka kwao, vidonge viwili. Mlezi ana wanafunzi mia tatu, hatumlaumu. Lakini mtoto amejifunza somo lisilo katika muhtasari wowote, kwamba swali la "Una nini?" lina jibu moja, na jibu hilo humezwa kwa maji.

Juu ya muuza dawa hatutasema mengi, kwa maana jambo lake ni wazi. Anayeuza dawa hizi bila ya cheti, kisha akasema mteja ndiye aliyetaka, amejivua kazi yake na kubaki na biashara tu. Aliwekwa pale kwa sababu mteja hajui. Kama mteja angejua, dawa zingeuzwa gengeni pamoja na nyanya.

Jambo gumu zaidi liko upande wa pili, nalo husahauliwa kila hofu inapopanda. Jamii iliyoogopa huwa na tabia ya kufunga milango yote, pamoja na ule wa mgonjwa. Mwaka 2017 tume ya wataalamu iliyoitishwa na gazeti la tiba la Lancet ilieleza kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini kabisa zilipata sehemu ya moja ya kumi ya tani moja. Watu zaidi ya milioni 61 kwa mwaka walikuwa katika mateso makubwa ya ugonjwa, na wengi wao, zaidi ya wanne katika kila watano, waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Tunao basi upungufu mahali penye maumivu, na wingi mahali pasipo maumivu. Katazo tupu, lisilouliza habari ya kipimo, laweza kuuzidisha upungufu huo bila ya kuugusa wingi.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao mwalimu yeyote anaweza kukutana na mfano wake. Kumefanyika upekuzi bwenini. Katika masanduku mawili vimeonekana vidonge vya namna moja, vya tramadoli. Sanduku la kwanza ni la msichana mwenye selimundu. Nchini Tanzania hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka, na wengi zaidi kuliko zamani wanaishi mpaka kufika sekondari. Seli zake za damu hujikunja kama mundu, zikaziba njia ndogo za damu, na mifupa ikauma kwa namna ambayo asiye na ugonjwa huo hawezi kuiwaza. Baridi humwanzisha, kiu humwanzisha, mchakamchaka wa alfajiri humwanzisha. Sanduku la pili ni la mwenzake asiye na ugonjwa wowote unaojulikana.

Mwalimu mwenye hasira atawaadhibu wote wawili, na msichana wa kwanza atajifunza kuficha dawa yake. Siku atakapozidiwa usiku hatamwamsha mtu. Mwalimu mwenye huruma isiyo na elimu atamwachia wa kwanza na kumfukuza wa pili, naye atajiona ametenda haki. Huyo wa pili atarudi mtaani kwao, na huko atapewa jina la teja. Neno hilo tunalichukia. Hulitaja tendo la mtu na kumnyima mtu mwenyewe. Tangu mwaka 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kuwatibu waraibu wa heroini kwa methadoni, dawa ya jamii ileile inayotolewa kwa kipimo, kila siku, mbele ya muuguzi, imedhihirika kwamba aliyepotewa na kipimo aweza kurudishiwa. Lakini hawezi kurudishiwa na watu waliokwisha kumwita jina hilo.

Tungependa mwalimu wa tatu. Huyo angeviweka vidonge juu ya meza, angewaita mmoja mmoja, na kuwauliza wote wawili swali moja kwa sauti moja: "Unaumwa nini, mwanangu?" Wa kwanza atatoa kadi yake ya kliniki, na mazungumzo yake yatakwisha mapema: nani atazitunza dawa, nani atamwamsha muuguzi, na kwamba hatakimbia mchakamchaka wakati wa kipupwe. Wa pili hana kadi. Atasema kwanza kwamba hana kitu. Kisha atasema ni vya rafiki. Jibu lenyewe litakuja polepole, pengine likianzia mbali, katika barua iliyofika kutoka nyumbani mwaka jana, au katika nyumba ambayo sasa ina mjane. Nalo halitakwisha katika kipindi kimoja cha dakika 40. Mwalimu itampasa amwombe mwenzake amshikie darasa.